Siku tisa za kutafuta chumba Dar es Salaam

Siku ya kwanza, Jumamosi

Tuliondoka Dodoma asubuhi kwa treni ya umeme, mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amepata kazi katika duka la dawa Kariakoo na alitakiwa kuripoti Jumatatu, siku tisa baadaye. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh31,000 kwa kila mmoja, na safari ambayo kwa basi tulizoea kuimaliza jua linapoelekea kuzama tuliimaliza kabla ya saa nne kutimia tangu tulipong'oa nanga. Mdogo wangu alikaa dirishani njia nzima, na tulipopita Ruvu aliutazama mto ule kwa makini, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba maji mengi yanayonywewa Dar es Salaam hutoka huko.

Alikuwa na Sh1,200,000, akiba ya miaka miwili ya vibarua, na mshahara alioahidiwa ni Sh450,000 kwa mwezi. Hesabu tuliyoipiga tukiwa nyumbani ilikuwa nyepesi: atafute chumba cha Sh150,000, yaani theluthi ya mshahara, na akiba imwezeshe kununua kitanda, godoro na jiko. Tuliamini kwamba kazi iliyobaki ni kuchagua mtaa tu.

Kutoka stesheni tulipanda daladala hadi Gongo la Mboto kwa shangazi. Barabara ya Nyerere ilikuwa imejaa, na tulifika alasiri. "Shikamoo shangazi." "Marahaba wanangu, poleni na safari. Ingieni, maji ya kuoga yako tayari."

Siku ya pili, Jumapili

Nyumba ya shangazi ni nyumba ya Kiswahili halisi, ya aina iliyolijenga jiji hili kwa zaidi ya karne: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, choo na bafu vinavyotumiwa na wote. Alipoijenga pamoja na marehemu mumewe walikuwa na nia ya kuishi humo na watoto wao, lakini sasa vyumba vinne vina wapangaji, na viwili analala yeye na wajukuu wanne. Hapakuwa na nafasi ya mdogo wangu zaidi ya mkeka wa sebuleni, na tulilijua hilo kabla ya kuja.

Jioni tulimweleza hesabu yetu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Hiyo laki na nusu, mnazidisha mara ngapi?" Tulipomjibu kwamba ni ya mwezi, alitikisa kichwa. Dar es Salaam, alisema, kodi hutajwa kwa mwezi lakini hulipwa kwa miezi sita, na wako wenye nyumba wanaotaka mwaka mzima. Juu yake dalali hupewa kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo chumba cha Sh150,000 ni chumba cha Sh1,050,000 siku ya kukabidhiwa ufunguo. Akiba yote ya mdogo wangu ingeishia mlangoni, kabla hajanunua hata ndoo.

Nilimuuliza shangazi naye hutoza miezi mingapi. Alijibu bila kuona haya kwamba ni sita, na akaeleza kwa nini. Alipoezeka upya bati zote za upande wa uani, fedha zilitoka kwa wapangaji wawili walioingia mwezi mmoja. Ada za wajukuu hulipwa vivyo hivyo. Kodi ya mwezi mmoja huingia dukani ikayeyuka kwa unga na sukari, wakati ya miezi sita hujenga. Hana mshahara wala dhamana ya kupelekea benki, na hakuna benki iliyowahi kumkopesha.

Nililala nikiyafikiria maneno hayo, kwa maana yalinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona: mpangaji wa Dar es Salaam ndiye benki ya mwenye nyumba wake. Humkopesha miezi mitano bila riba, na yeye mwenyewe mara nyingi huzipata fedha hizo kwa kukopa kwa riba. Siwezi kumlaumu shangazi yangu, lakini siwezi pia kusema kwamba jambo hili ni sawa.

Siku ya tatu, Jumatatu

Tulianzia Sinza kwa sababu kila mtu alitutajia Sinza. Mitaa yake imenyooka, na ina sababu ya kunyooka: katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kupeleka maji, kisha wananchi wakajijengea. Viwanja vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini na cha kati leo vina maghorofa, baa na ofisi, na mtu wa kipato cha chini anaingia humo kwa kulipia chumba kimoja cha nyuma.

Vibao vya madalali vimepigiliwa kwenye nguzo na miti, kila kimoja na namba yake ya simu. Tulimpata dalali kijiweni, kijana mwenye adabu aliyemwita mdogo wangu "dada" na mimi "kaka mkubwa", akataka Sh10,000 ya kutuonyesha kabla hatujasogea hata hatua moja. Fedha hiyo hairudishwi, uchukue chumba usichukue. Alituonyesha vyumba vitatu, na kizuri kati yake kilikuwa masta, yaani chumba chenye choo na bafu ndani, kwa Sh250,000. Mara sita, pamoja na mwezi wa dalali, ni Sh1,750,000, karibu mshahara wa miezi minne wa mtu ambaye bado hajapokea hata mmoja. Mdogo wangu alikishika kitasa cha mlango, akakiachia, akamshukuru kijana yule kwa upole.

Siku ya nne, Jumanne

Siku hii nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu tulitembea kwa miguu kutoka Magomeni hadi Jangwani na tukaona jinsi jiji linavyowaweka watu wake.

Pale Magomeni Kota yamesimama maghorofa ambayo wengi huyaona wakiwa ndani ya mabasi ya mwendokasi bila kujua habari yake. Zamani palikuwa na kota za chini, na wakazi wake waliondolewa mwaka 2011, nyumba zikabomolewa, wakabaki kupanga huku na kule kwa miaka mingi wakidai haki yao. Kaya zilizokuwa humo zilikuwa 644. Maghorofa mapya yalizinduliwa mwaka 2022, na zile kaya zikarudi. Nilisimama pale kwa muda mrefu, kwani ni nadra katika mji wowote kwa mtu aliyehamishwa kupisha ujenzi kurudi mahali pale pale.

Mita mia chache kutoka hapo, upande unaoshuka bondeni, dalali wa pili alitupeleka kwenye chumba cha Sh80,000. Choo na bafu vilikuwa vya pamoja, lakini chumba kilikuwa kipana, na kutoka hapo hadi Kariakoo mtu anaweza kwenda kwa miguu. Miezi sita na dalali ilikuwa Sh560,000. Nilimwona mdogo wangu akianza kukipanga kichwani: kitanda huku, meza kule. Kisha akauliza kwa nini rangi ya ukuta ni mpya kwa chini na chakavu kwa juu. Dalali alisema ni ukarabati. Mama mmoja aliyekuwa akifua uani hakuinua kichwa, ila alisema tu, "Mwanangu, muulize maji yalifika wapi," na akaonyesha kwa mkono usawa wa kiuno chake.

Bonde la Msimbazi hupokea maji mengi ya mvua yanayoshuka kutoka upande wa Pugu, na kadiri jiji linavyofunikwa kwa zege na bati ndivyo maji yanavyokosa mahali pa kuzama na kukimbilia mtoni. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyowafanya wakazi wengi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, na hata mabasi ya mwendokasi yamewahi kuzingirwa na maji katika karakana yao ya Jangwani. Sasa upo mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde, wakazi wengi wamelipwa fidia, na nyumba zao zimebomolewa. Kwenye kingo ambazo mradi haujazigusa, kodi ni nafuu, na unafuu huo ni bei ya hatari ambayo kwa ukarabati wa rangi mgeni hawezi kuiona. Namshukuru mama yule, na ninasikitika kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaishi humo.

Usiku nilimweleza shangazi kwamba zamani mpangaji alikuwa na sheria yake. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba, kodi ya kiwango, na masharti ya kumwondoa mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005, kwa hoja kwamba soko huria lingewavuta watu kujenga zaidi. Kweli watu wamejenga, tena kwa wingi. Lakini tangu hapo kodi imebaki kuwa maelewano ya watu wawili, mmoja ana ufunguo na mwingine amesimama nje na mizigo. Shangazi alikumbuka enzi za mabaraza hayo, na kwa maoni yake yaliwaonea wenye nyumba. Hatukukubaliana, tukaenda kulala.

Siku ya tano, Jumatano

Kigamboni. Tulivuka kwa kivuko cha Magogoni kwa Sh200 kila mmoja, upepo wa kusi ukivuma, na kwa mara ya kwanza tangu tufike mdogo wangu alicheka. Chumba tulichokiona kilikuwa kipya, masta, kwa Sh90,000, na mwenye nyumba alikuwa tayari kupunguza. Tatizo lilikuwa saa. Duka la dawa hufungwa saa tatu usiku. Kutoka hapo ni daladala hadi kivukoni, foleni, kivuko, kisha gari jingine na mwendo wa gizani. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, limewasaidia sana wenye magari, lakini kwa mwenda kwa miguu anayefanya kazi Kariakoo bado ni kuzunguka. Tuliikadiria safari hiyo kuwa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Tuliondoka.

Siku ya sita, Alhamisi

Tabata Kimanga tulipelekwa na konda mstaafu, jirani wa shangazi, na kwa hiyo hatukulipa hela ya kuonyeshwa, ingawa dalali wa mtaa alitokea tulipofika getini na kutangaza kwamba nyumba iko mikononi mwake.

Mwenye nyumba ni mwuguzi mstaafu. Uani mwake ana vyumba vinne vilivyopangana, kila kimoja na choo chake, na kimoja kilikuwa wazi kwa Sh120,000. Daladala za kwenda Kariakoo kupitia Buguruni zinapita mwendo wa dakika saba kutoka getini. Sakafu ilikuwa ya vigae, dirisha lina nyavu, na ukuta haukuwa na rangi ya kuficha kitu. Mdogo wangu aliinama akanusa pembe za chumba, kama alivyofundishwa na shangazi, kujua kama kuna unyevu.

Tukaulizia yale ambayo tulikuwa tumejifunza kuulizia. Maji ya DAWASA hutoka mara tatu au nne kwa wiki, zaidi usiku, na yapo matangi mawili juu ya mnara. Yakiisha, wapangaji huchanga kununua boza. Umeme ni wa mita moja kwa vyumba vyote vinne. Hapo nilisimama kidogo, kwa kuwa jambo hili huzaa ugomvi mwingi kuliko kodi yenyewe. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, mwanzo Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na tangu 2023 Sh1,500, na kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo hukatwa yeye. Kiasi ni kidogo, ila mtu anayenunua umeme wa Sh5,000 na kukuta sehemu ya fedha yake imekwenda kulipia jengo lisilo lake ana haki ya kuuliza. Mama yule alisema kwamba kwake kodi hiyo huirudisha kila mwisho wa mwezi kwa aliyenunua, na mpangaji mmoja aliyekuwa akianika nguo akaitikia kwamba ni kweli. Kwa jibu hilo pekee nilimheshimu.

Lakini alitaka miezi sita. Sh720,000, na Sh120,000 ya dalali. Mfukoni zilibaki Sh1,110,000, na baada ya kulipa zingesalia Sh270,000 za kununulia kila kitu na kuishi hadi mshahara wa kwanza. Tulimwomba mitatu. Alituambia kwa sauti ya mtu aliyewahi kuumizwa kwamba alimpa kijana mmoja nafasi ya kulipa mwezi kwa mwezi, akaishi miezi minne bila kulipa, na akahama usiku. Alitupa hadi Jumamosi.

Siku ya saba, Ijumaa

Tuliharibikiwa. Dalali mwingine alitupigia simu akidai ana chumba Ilala kwa miezi mitatu, tukamtumia Sh15,000 kwa simu ili atusubiri, na tulipofika tulikuta chumba kina mtu, tena ameingia tangu mwezi uliopita. Simu haikupokelewa tena. Mdogo wangu alilia, si kwa ajili ya fedha zile, bali kwa uchovu wa kuuliza milango ya watu kwa siku tano.

Nilimpeleka Kariakoo akaone mahali atakapofanya kazi, maana alikuwa hajapaona. Watu walikuwa wakitoka kuswali Ijumaa. Jina lenyewe la mtaa lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jengo la soko kuu, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli katika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Tulipita pia karibu na mahali lilipoporomoka ghorofa Novemba 2024 na kuua watu waliokuwa wakitafuta riziki zao. Hatukuzungumza tulipokuwa tunapita.

Kisha tukaingia mjini kwenyewe, mitaa ya Jamhuri na Libya, kumsalimu jamaa yetu anayekaa katika nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa. Majengo mengi ya huko yalichukuliwa na Serikali Aprili 1971, yale ya thamani ya zaidi ya Sh100,000 yaliyokuwa yamepangishwa, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba hadi shughuli zake zilipounganishwa na Shirika mwaka 1990. Jamaa yetu hulipa kodi yake mwezi kwa mwezi. Alilitaja jambo hilo kama jambo la kawaida kabisa, akimimina chai, na mdogo wangu alimwomba arudie.

Siku ya nane, Jumamosi

Shangazi alivaa kitenge chake cha harusi na kusema kwamba atakwenda nasi Tabata, kwa sababu maneno ya mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake ni mengine.

Walizungumza kwanza habari za hospitali ambako mwenye nyumba alifanya kazi, kisha za miguu inayouma, kisha za wajukuu. Sisi tulikaa kimya kwenye baraza. Ilipita karibu saa nzima kabla shangazi hajasema kwamba mtoto huyu ni wangu, kazi anayo, barua ya kazi hii hapa, na mimi mwenyewe nitamdhamini kwa maandishi. Ila umpokee kwa miezi mitatu mitatu. Mwenye nyumba alimtazama akamuuliza, "Na wewe bibi, kwako unachukua mingapi?"

"Sita," alijibu shangazi. Kisha akasema kwamba yuko kijana fundi cherehani katika chumba chake cha mbele ambaye tangu mwaka juzi hulipa mitatu mitatu, alimkubalia kwa shingo upande, na hajawahi kuchelewa hata mara moja.

Mwenye nyumba alikaa kimya, akaingia ndani, akatoka na daftari. Mkataba uliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, kurasa mbili: kodi Sh120,000, isipande ndani ya mwaka, miezi mitatu kwa mkupuo, kodi ya jengo juu ya mwenye nyumba, notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande. Tuliupeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akausoma kwa sauti, akagonga muhuri, na kuandika jina la mdogo wangu katika kitabu cha wakazi. Aliongeza kwamba mgogoro ukitokea waanze kwake, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ikishindikana ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwamba kwake hufika wengi wasio na karatasi yoyote mkononi.

Dalali alichukua Sh120,000 zake na kuondoka. Nilitamani asizipate, kwa sababu hakutuonyesha chochote, lakini mwenye nyumba alikuwa amempa neno lake na hakutaka kulivunja.

Baada ya kodi na dalali na ile hasara ya jana zilibaki Sh615,000. Alasiri tulinunua Buguruni kitanda cha mbao, godoro, jiko la gesi la plati mbili, ndoo nne na pazia. Mdogo wangu alifunga mlango, akafungua, akafunga tena.

Siku ya tisa, Jumapili

Nimeandika haya ndani ya treni ya kurudi. Kabla ya kuagana tulikaa juu ya kitanda kipya tukaandika katika daftari lake tarehe ya kodi ijayo, na chini yake kiasi cha kuweka kila wiki, Sh30,000, katika kibubu ambacho shangazi alimletea kutoka Gongo la Mboto. Tumepita Soga sasa. Ameniandikia ujumbe kwamba maji yalitoka saa kumi alfajiri, aliamshwa na mlio wa bomba la jirani, na amejaza ndoo zote nne.